Nisimulie Kitabu Unachosoma

Ndugu zangu waumini, nausia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu.

Leo Ijumaa wengi wetu tumeshasoma Surat al-Kahf, au tutaisoma kabla jua halijazama. Tukifika kwenye kisa cha Nabii Musa na Khidhr, tusipite haraka. Musa aliulizwa nani mwenye elimu kuliko wote, akajitaja yeye. Mola wake akamjulisha kwamba yuko mja anayejua yale asiyoyajua Musa. Mtume aliyesemezwa na Mwenyezi Mungu akafunga safari, akamfuata mja huyo, akamwomba amfundishe. Khidhr alimwekea sharti asiulize mpaka aelezwe, na Musa akashindwa: jahazi lilipotobolewa akauliza, kijana alipouawa akauliza, ukuta uliposimamishwa bure akasema tena. Safari yao ikaishia hapo. Lakini Khidhr hakuachana naye kabla ya kumweleza yote matatu, moja baada ya jingine. Hata maswali yaliyotoka kabla ya wakati wake yalipata jibu. Walimu wa madrasa na walimu wa shule mlioketi humu, nawaomba mlishike hilo.

Imamu Shafi, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, alikwenda Madina akiwa kijana na Muwatta ameshaihifadhi kifuani, akamsomea Imamu Malik kitabu chake mwenyewe. Baadaye alihitilafiana na Malik katika masuala mengi, na bado akamhesabu kuwa mwalimu wake hadi alipofariki Misri mwaka 204 Hijria. Mwalimu alimsikiliza kijana, na kijana alipokuwa na rai yake hakuvunja adabu. Tumeirithi fiqhi yao, na ule ukaaji wao wa kusomeana na kusikilizana tumeuacha.

Tutazame kwetu sasa, Geita, Kahama na Shinyanga. Wanetu wa sekondari, katika somo la Kiingereza, husoma riwaya ya Ben Hanson iitwayo Takadini. Ni habari ya Sekai, mke aliyekaa miaka mingi bila mtoto, kisha akajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila ilitaka mtoto auawe. Sekai akatoroka naye mpaka kijiji cha mbali, akapokelewa na mzee Chivero. Mwanafunzi wetu anaandika kwenye daftari: wahusika, dhamira, ujumbe. Anakariri. Mtihani wa taifa ukipita, daftari linafungiwa maandazi. Nani aliyemuuliza kama yeye angemfungulia Sekai mlango? Nani aliyemuuliza babu yake angefanya nini?

Kitabu hicho kinasomwa kwenye ardhi hii hii. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, huko Bukombe. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake, na mama akakatwa mapanga akimtetea. Shule ya Buhangija pale Shinyanga mjini ilipokea watoto wengi waliokimbizwa kutoka vijijini ili wabaki hai. Sababu ya ukatili huo tunaijua, kwa kuwa ilisemwa kwenye maduara ya dhahabu na mialoni kwa wavuvi: kwamba kiungo cha mtu huyu kinavuta mali. Huo ni uongo, na ni shirki. Anayempelekea mganga fedha kwa ajili hiyo ameshakuwa muuaji kabla panga halijashikwa. Surat at-Takwir inatuambia kuwa binti aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Tuwaandae vijana wetu kwa swali hilo, nao hawawezi kuandaliwa na kitabu walichokariri tu bila kuongea na mtu.

Mwalimu mwenzangu, wewe nawe unasoma nini? Mwambie mwanafunzi wako kitabu ulicho nacho wiki hii, na mahali kilipokukwaza. Ukinyamaza, ataamini kwamba kusoma ni kazi ya watoto, na akimaliza kidato cha nne ataacha.

Wazee wanakumbuka kuwa jambo hili la watu wazima kusoma na kujadiliana si geni kwetu. Kati ya 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ilichaguliwa kwa mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, wa serikali pamoja na UNESCO. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Wakulima walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwa vikundi na redio na kijitabu, wakasoma, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi wao hawakuwa na cheti chochote.

Basi usiku huu, baada ya Isha, mzazi akae na mwanawe. Hata asiyejua kusoma anaweza kusema: mwanangu, nisimulie kitabu unachosoma, na wewe mwenyewe unaonaje? Amsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Baba uliye machimboni Nyarugusu au Kakola, piga simu nyumbani uulize hilo kabla hujauliza habari nyingine.

Na kesho asubuhi madrasa itakuwa wazi saa tatu. Wanafunzi waje na Takadini, walimu waje na vitabu vyao, na familia zenye watoto wenye ualbino zije pia, zikae mbele, nazo zisikilizwe. Tutasoma Surat at-Takwir, kisha kila mmoja atapewa nafasi ya kusema. Njooni, na mje na jirani zenu.