Nani Aonje Kwanza?

Katika desturi za jamii nyingi za nchi yetu, mwenye pombe huionja kabla ya mgeni. Miongoni mwa Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro, mwenyeji hupiga funda la kwanza la mbege mbele ya macho ya mgeni, ndipo humkabidhi kata. Wengi huliona tendo hili kuwa ni adabu tu, kama kubisha hodi. Sisi twadhani kwamba ndani yake limo swali zito: je, binadamu humwaminije mwenzake juu ya kitu asichoweza kukichunguza mwenyewe?

Yafaa kwanza tuitazame mbege yenyewe. (Hatuandiki ili kumhimiza mwanafunzi anywe. Wapo wananchi wengi wasioigusa pombe kwa dini au kwa hiari yao, na swali letu lawahusu hao pia, maana uji na dawa navyo huonjwa.) Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao huloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa kuwa kimea, halafu hupikwa uji. Gome la mti wa msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Vitu hivyo vikisha kuchanganywa huendelea kuchachuka hata ndani ya chombo cha kunywea. Kwa hiyo mbege ya leo si mbege ya kesho. Leo ina utamu, kesho ukali umezidi, na baadaye haifai tena. Hapana mpishi awezaye kuahidi ladha ile ile mara mbili. Aliwezalo ni kuonja, na kwa kuonja kwake akasema: hivi ndivyo ilivyo sasa.

Pombe hai ya namna hii haipatikani Kilimanjaro peke yake. Huko Ubelgiji na kusini mwa Ujerumani viko viwanda vidogo vitengenezavyo bia ya ngano na kuiacha hamira ndani ya chupa, ili bia izidi kuiva baada ya kufungwa. Bia hiyo huwa na ukungu, na chini yake hutuama mashapo ambayo wanywaji wengi huyatikisa makusudi na kuyamimina pamoja na kinywaji. Ni ndugu ya mbege. Tofauti ni kwamba aliyeipika hayupo mezani. Mahali pa kinywa chake pamewekwa kizibo, na karatasi yenye jina.

Wapo watakaosema kwamba kizibo na mhuri ni bora kuliko funda la mwenyeji, na hoja yao ina nguvu. Mwezi Novemba 2000, nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mwezi Mei 2014 maafa ya namna hiyo yakaipata tena nchi hiyo. Ulimi hauwezi kuitambua methanoli, kwani ladha yake hufanana sana na ile ya kileo cha kawaida, na madhara yake aghalabu hudhihirika baada ya saa nyingi. Mwenyeji asiyejua angeweza kuionja, akanywa pamoja na mgeni wake, na wote wawili wakafa. Basi kama kuonja ni upimaji, ni upimaji dhaifu mno. Taifa letu liliunda Shirika la Viwango kwa sheria ya mwaka 1975, wala hapana mwenye akili atakayetaka maabara zifungwe ili turudie kata.

Lakini tuyatazame tena maneno hayo: wote wawili. Aonjaye huuweka mwili wake katika hatari ile ile anayomwekea mgeni. Hiyo ni dhamana, wala si upimaji. Auzaye sumu kwa kujua hahitaji kuwa na ulimi mbovu. Ahitajilo ni kutokunywa pamoja na wateja wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumezoea kuifundisha methali hiyo kama onyo juu ya sifa. Yaweza pia kufasiriwa vingine: atiaye maji ni mgema auzaye tembo asilolinywa.

Mhuri watueleza kwamba kitu kimepimwa. Hautuelezi kama aliyekitengeneza angempa mwanawe. Tofauti hiyo haimhusu mwenye kiwanda peke yake. Katika baadhi ya shule za bweni, mwalimu wa zamu huonja chakula kabla ya wanafunzi. Aonjaye kijiko kimoja cha maharage, kisha akaenda nyumbani kula wali, amepima. Aketiye na sahani yake miongoni mwa wanafunzi amefanya jambo jingine, hata kama maharage ni yale yale, na wanafunzi huling'amua upesi kuliko wakaguzi.