Haki ya Kupanda Asumini

Katika lugha ya pwani neno shamba lina maana mbili zisizokaa mbalimbali. Shamba ni mahali palimwapo, na shamba ni upande wowote ulio nje ya mji. Mtu akisema kwamba nduguye amehamia shamba, msikilizaji hawezi kujua mara moja kama ndugu huyo amepata ardhi ya kulima au amepoteza nyumba ya mjini. Yamkini amepata moja kwa kupoteza nyingine. Shaka iliyo katika neno imo pia katika jambo lenyewe, na wako watu wa Dar es Salaam walioionja shaka hiyo kwa maisha yao, nao ni wale waliotoka Jangwani.

Jina la Jangwani humdanganya mgeni. Alisikiaye hutazamia mchanga mkavu; akifika huona bonde la tope, majani marefu na matuta ya mboga, likikatwa na barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na Kariakoo. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hupita hapo, kisha huingia baharini penye daraja la Salander. Kwa miaka mingi watu wasioweza kununua kiwanja mahali pa juu walijenga ndani ya bonde hilo, kwa sababu Kariakoo ilikuwa karibu, na mwenye tenga la mchicha kichwani hakuwa na haja ya nauli. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, makumi ya watu wakafa na maelfu wakakosa makazi. Mwanzoni mwa 2012 serikali iliwahamishia baadhi yao Mabwepande, kaskazini ya mji, upande wa Bunju, mwendo wa kilometa zipatazo 30. Walipewa viwanja, wakaanza kwa kukaa katika mahema. Wengine walirudi mjini, wengine walikaa.

Na ichukuliwe kwa mfano mwanamke mmoja katika hao waliokaa. Haina haja apewe jina, maana si mtu mmoja aliyeonwa bali ni hali inayopimwa. Bondeni alikuwa akilima mchicha na matembele. Mabwepande amejenga vyumba viwili, na nyuma yake amebakiwa na kipande cha ardhi kisichozidi upana wa ua wa msikiti mdogo. Hapo amepanda asumini, mrehani na miwaridi michache, si kwa kupendeza macho yake tu bali kwa kuuza. Jirani anapita, anasimama, anauliza: “Mama, watoto watakula maua?” Swali hili lina mzaha ndani yake, lakini haliwezi kujibiwa kwa mzaha. Ni swali la zamani la maadili: je, ni halali kwa maskini kutumia ardhi ndogo aliyo nayo kwa kitu kisicholiwa?

Jirani ana hoja nzito. Muhogo hauna kiburi. Ukikosa mnunuzi huliwa na aliyeupanda, na ukiachwa ardhini hungoja. Ua halingoji. Asumini huchumwa alasiri likiwa tumba, hufunguka usiku, na asubuhi limekwisha kubadilika rangi. Mtu aliyeweka riziki yake juu ya kitu chenye uhai wa usiku mmoja ameiweka mahali pembamba mno. Tena, atasema jirani, mapambo ni haki ya aliyeshiba. Mwenye njaa akijipamba huonekana kama amesahau cheo chake.

Neno hili la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza. Kama hoja ingekuwa chakula tu, historia ya pwani ingekwisha kuijibu. Karafuu si tunda wala si mbegu: ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Unguja na Pemba ziliishi kwa maua hayo tangu zama za Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, na dunia nzima iliyajua. Pareto ya nyanda za juu za Iringa na Mbeya ni ua pia. Hukaushwa ikatolewa dawa ya kuua wadudu. Hapana mtu aliyewahi kumcheka mkulima wa karafuu kwamba wanawe watakula maua. Kwa hiyo kinachochekwa si ua. Kinachochekwa ni maskini kulima kitu ambacho thamani yake ni harufu na uzuri bila kupitia kinu au jahazi la tajiri.

Walakini si haki kuitumia karafuu kama shahidi na kunyamazia upande wake mwingine. Mashamba yale yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukuondolewa katika sheria za Zanzibar mpaka 1897. Harufu nzuri haikuyasafisha. Hata leo mawaridi yanayosafirishwa kwa ndege kutoka Naivasha na Arusha kwenda Ulaya hayawezi kusifiwa kwa rangi yake kabla haijaulizwa habari ya ujira wa wachumaji na maji ya ziwa. Ua halina wema wala ubaya wa asili. Hupata sifa zake kutoka kwa mkono uliolilima. Mwanamke wa Mabwepande analima kwa mkono wake mwenyewe, na katika jambo hili ametangulia mabwana wengi wa karafuu.

Chakula nacho kisipewe utakatifu kisiostahili. Mchicha wa bonde la Msimbazi ulilishwa maji ya mto unaopokea taka za viwanda na za nyumba. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa 1999 ulikuta risasi na metali nyingine nzito katika mboga zilizolimwa kandokando ya mto huo. Mlimaji hakuwa na nia mbaya, na mlaji hakuwa na habari. Lakini mtu akiulizwa ni lipi kati ya mawili lilimtendea jirani vyema zaidi, fungu la mchicha lenye sumu isiyoonekana au kikuba kilichovaliwa kifuani kwa usiku mmoja, atasita kabla ya kujibu kwamba kinacholiwa ni bora sikuzote.

Basi sababu ya kuchagua asumini itafutwe wapi? Aghalabu hutafutwa katika bei, na bei ina sehemu yake; lakini iko sababu iliyo ndani zaidi, nayo ni muda. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mtu aliyekaa Jangwani alilima mchicha kama mtu anayekula amesimama. Hakujua kama mto ungefurika mwezi ujao, wala kama nyumba yake ingebomolewa, kama nyingi zilivyobomolewa katika bonde hilo mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Akili yake ilijifunza kutopanda kitu ambacho kingemzidi umri katika mahali pale. Huo haukuwa ujinga wala uvivu kama wengine walivyodhani. Ulikuwa ni busara ya mtu asiye na kesho.

Asumini ni mmea wa tabia nyingine. Kipandikizi chake hutiwa kivulini, hungojewa kishike mizizi, huhamishwa, hupogolewa, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye sana. Kisha hutoa kwa miaka mingi. Anayekipanda anasema, bila kutamka, kwamba atakuwapo. Kwa mtu aliyehamishwa hili si jambo dogo. Nyumba ya matofali inaweza kujengwa kwa haraka na kwa hofu. Na hema hupigwa kwa amri ya mtu mwingine. Lakini hapana awezaye kumwamuru mtu amwagilie mche kila jioni kwa mwaka mzima kwa ajili ya ua ambalo hajaliona. Tendo hilo ni la hiari tupu, na kwa hilo mahali pa kuhamishiwa huanza kuwa nyumbani.

Hapa ndipo deni linapogeuka. Jirani alidhani kwamba mwanamke huyu anadaiwa na wanawe muhogo. Yawezekana anadaiwa, na mtu mwenye akili atapanda mashina machache pembeni, kama wanawake wa pwani wafanyavyo bila kufundishwa na mtu. Lakini wako wadaiwa wengine. Aliyempa kiwanja anadaiwa hati isiyo na shaka, kwa maana asumini haipandwi juu ya ahadi. Mji uliomtoa karibu na Kariakoo unadaiwa barabara na gari la kumfikisha huko kabla ya jua kuchwa, ua likingali tumba. Kilometa 30 kwa muhogo ni nauli. Kwa asumini ni uhai.

Wasomi waliopenda kusifu maisha ya shamba hawakusumbuliwa na masafa hayo. Horace, mshairi wa Rumi, alizawadiwa shamba na tajiri Maecenas, akaimba utulivu wake. Diocletian aliacha enzi mwaka 305, akaenda kulima mboga karibu na bahari ya Adria, na husimuliwa kwamba alipoombwa arudi alizitaja kabichi zake. Sifa zao si za uongo, ila zilitungwa na watu waliokuwa na hiari ya kwenda na hiari ya kurudi. Mhamishwaji wa Mabwepande hakwenda kutafuta utulivu. Shamba lake halimtengi na mji. Linamfunga nao zaidi, kwa harusi za Ilala na Magomeni, kwa mwezi wa Shaabani ambapo ndoa ni nyingi na kwa Ramadhani ambapo huwa chache. Riziki yake inategemea furaha za watu wengine. Yako majonzi katika hali hiyo, lakini mshona nguo na mpiga ngoma wanaishi hivyo hivyo, wala hapana awaambiaye wakalime muhogo.

Bonde lenyewe nalo limeandikiwa mambo mapya. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, uliweka katika mipango yake daraja la juu Jangwani, fidia kwa waliobaki bondeni, na bustani kubwa ya mji mahali palipokuwa na nyumba na matuta. Wapangaji wa mradi hawakuulizwa kama watoto wa Dar es Salaam watakula miti na maua ya bustani hiyo. Ilifahamika kwamba mji una haja ya kivuli, ya mahali pa kupumulia na ya kitu cha kutazamwa, na haja hiyo ikaandikwa katika hesabu pamoja na saruji na chuma.