Jina la Kurithi

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Nami hujiuliza: hung'aa kwa mwanga wa nani, ilhali jina la ukoo hatulichagui?

Chukua jina Butler. Asili yake ni mtumishi aliyetunza mvinyo wa bwana wake. Samuel Butler, aliyefariki 1680, alilichukua akawakejeli wanafiki wa dini kwa mashairi. Samuel Butler mwingine, mtoto wa kasisi, aliandika riwaya ya kuwaumbua wazazi. Ikatoka 1903, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1947, alikuwa na mama mtumishi wa nyumbani hasa, aliyeingia kwa waajiri wake kwa mlango wa nyuma. Utotoni binti alimwonea haya. Alipokomaa alitambua kuwa fedheha ile ndiyo iliyomlisha, na utambuzi huo ukachangia kuzaliwa kwa riwaya yake *Kindred*, 1979.

Mimi nami niliwahi kuwaficha wenzangu shuleni kwamba baba alikuwa mpishi wa watu. Leo wanaponisifu kwa jina lake, najua sifa ile nusu si yangu. Yeye hayupo tena kuipokea.