Mwalimu Mwanafunzi Ugenini

Je, ni haki mtu ajifunze kazi yake kwa watoto wa wenzake? Twauliza kwa sababu vijana wengi wa Ulaya wanaosomea ualimu hutumwa nchi nyingine wafundishe huko miezi michache. Mpango mmoja wa namna hiyo, uitwao Erasmus, ulianza mwaka 1987 katika nchi 11.

Twajibu: ni haki, lakini kwa sharti. Seremala anayejifunza akiharibu ubao, hutwaa mwingine. Mtoto si ubao; mwaka wake wa shule ukipotea haurudi. Kwa hiyo mwalimu mwenyeji asimwachie mgeni darasa, akaenda zake kupumzika. Akae nyuma, atazame, amrudi kwa upole.

Naye mgeni asidhani kwamba akili yote iko kwao. Lugha ya wenyeji haijui vema. Mtoto wa miaka 7 atamsahihisha neno mbele ya wote, na darasa litacheka. Hapo ndipo penye faida ya safari. Akivumilia, atajua uchungu wa asiyejua, wala hatamdharau tena mwanafunzi mzito. Akikasirika, amesafiri bure.

Ndivyo ilivyo hata kwetu Kongo, mwalimu kijana akitumwa kwenye kijiji cha lugha nyingine.

Basi, arudipo nyumbani, tusimpime kwa cheti chake wala kwa picha alizoleta. Heri tuulize: watoto aliowaacha kule, wamepata nini?