Nani Afute Damu?

Mtu akifa kifo cha ghafla nyumbani, kwa kisu, kwa risasi, au kwa kukaa peke yake siku kadhaa pasipo mtu kujua, watu wengi hufika. Polisi huja kupima na kuandika. Daktari huja kuthibitisha. Jamaa huja kulia, na majirani huja kutandika mikeka. Kila mmoja ana shughuli yake, na kila shughuli ina heshima yake. Lakini maiti ikishaondolewa hubaki kitu kisicho na mwenyewe: damu iliyolowa godoro na harufu iliyoshika kuta. Nani afute?

Swali hili laonekana dogo, swali la ndoo na tambara. Mimi naliona ni swali la maadili, kwani jibu lake hudhihirisha jamii inamthamini nani.

Nchini Marekani limejibiwa kwa njia ya biashara. Huko askari wakimaliza uchunguzi, kwa kawaida humwachia mwenye nyumba nyumba yake jinsi ilivyo. Kusafisha si kazi yao. Basi yako makampuni ya kuifanya kazi hiyo. Watu wake huja wamevaa nguo za kujikinga toka kichwani hadi miguuni, wakang'oa zulia, wakakata mbao za sakafu zilizonyonya damu, wakaziondoa kama taka za hatari. Kanuni ya serikali ya nchi hiyo, iliyotolewa Desemba 1991, humlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayegusa damu vifaa vya kujikinga pamoja na chanjo ya homa ya ini ya B bila malipo. Sababu ipo. Virusi vya ugonjwa huo huweza kubaki hai nje ya mwili, katika doa lililokauka, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Jicho huliona doa kuwa limekufa, kumbe bado lina uwezo wa kuua.

Wako watakaosema kuwa huo ni ubaridi wa moyo, kumlipa mgeni aguse damu ya ndugu yako. Mimi sioni hivyo. Yupi mwenye huruma, anayemwambia mama apige magoti kufuta damu ya mwanawe, au anayemshika mkono akamtoa nje ili mwingine aingie? Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika makabila mengi ya Tanzania, kazi nzito za msiba zilifanywa na watani: kumwandaa maiti, kuchimba kaburi, hata kuwatania wafiwa ili wasizame katika majonzi. Mtani hakuwa ndugu wa damu, hivyo machozi hayakumziba macho. Wala hakuwa mgeni, hivyo hakumdharau marehemu. Na hakuondoka mikono mitupu. Alidai ujira wake, na alipewa.

Kwa hiyo malipo yenyewe hayana ubaya. Ubaya huanza pale tunapodhani kuwa tukishalipa tumemaliza.

Waislamu wana fundisho linaloweza kutusaidia hapa, nalo ni faradhi ya kifaya. Kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni wajibu wa jamii nzima. Wakitokea wachache wakaitimiza kazi, wengine wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, dhambi ni ya wote. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Anayefuta damu ametuvua sote mzigo uliokuwa mabegani mwetu. Mshahara ni bei ya saa zake za kazi. Kule kutuvua mzigo hakuna bei, na hapo ndipo deni letu lilipo.

Nasi huwalipaje watu wa namna hii? Aghalabu kwa kinyaa. Mhudumu wa chumba cha maiti huulizwa kazi yake, akijibu, anayemwuliza huurudisha mkono wake mfukoni. Wakati wa janga la Ebola la Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, vijana waliojitolea kuzika maiti za ugonjwa huo walikimbiwa na majirani, wengine hata na jamaa zao. Mnamo Novemba 2014, mjini Kenema, Sierra Leone, wazikaji walioahidiwa posho ya hatari wasiipate waligoma, wakaziacha maiti 15 hadharani hospitalini. Dunia ilishtuka, nao wakaachishwa kazi. Kitendo chao kilikuwa kibaya. Marehemu hawakuwa na kosa lolote. Lakini mshtuko ule ulichelewa. Haukuwapo wiki zote ambazo watu wale walibeba vifo vya wenzao bila posho yao. Heshima kwa maiti na heshima kwa anayeigusa maiti ni kamba moja. Ukiikata upande mmoja, upande wa pili hauna budi kulegea.

Kwetu, damu ya ajali barabarani bado hufunikwa kwa mchanga, na ya chumbani hufutwa na yeyote aliye karibu, mara nyingi msichana wa kazi, kwa mikono mitupu. Huyu hana chanjo wala glavu, na hakuna aliyemweleza kuwa damu humwagiwa dawa ya klorini ikaachwa dakika 10 au zaidi kabla ya kufutwa. Tunamtuma kwa sababu hawezi kukataa. Huo ndio ubaridi wa moyo wenyewe.

Basi nani afute? Afute anayejua kazi, aliyekingwa, anayelipwa kwa wakati, na aliyekubali kwa hiari yake. Akimaliza, apewe maji anawe, kisha asogezewe nafasi mkekani akae pamoja na wafiwa.