Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea



Miaka miwili iliyopita binti yangu alijifungua katika wiki ya 31. Mjukuu wangu alikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia nne. Kiganja changu kilimfunika mgongo wote. Alipotoka hospitali tulitoa shukrani kwenye Misa, nami nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Tulipewa kadi yenye tarehe nyingi: macho, masikio, uzito, na kumtazama anavyokaa na kutambaa.

Siku moja tulipokuwa kliniki, muuguzi alimkemea mama mmoja wa upande wa kusini mbele ya watu wote. Alikuwa amechelewa wiki tatu. Mama yule aliinamisha kichwa asijibu neno. Nami, mwalimu niliyezoea kuhesabu mahudhurio ya wanachuo, nilisema moyoni: amestahili.

Baadaye alikuja kukaa nami kwenye benchi. Akanishika mkono, akasema, "Shikamoo bibi." Nilipomwuliza kwa nini alichelewa, alinijibu polepole: "Bibi, mie sikupuuza. Tarehe ya kwanza nilikuwa ndani ya arobaini, wazee wakasema mtoto asitolewe nje. Ya pili ikaangukia bamvu. Maji yakitoka vile ndipo tunapovuna mwani. Nikizikosa siku zile, hata nauli ya kuja huku sina."

Swali langu ndilo hili: mama huyu ana hatia?

Tusilijibu haraka. Kwanza tukiri kwamba muuguzi hakukasirika bure. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hutoka tumboni mishipa ya macho yake haijamaliza kukua. Macho yake hutazamwa mara ya kwanza yapata wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Ugonjwa ukionekana mapema unaweza kutibiwa. Ukiachwa, mtoto anaweza kupofuka maisha yake yote. Mwimbaji Stevie Wonder wa Marekani, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, alipofuka kwa njia hiyo. Nanyi mtaona kwamba wiki ya nne imo ndani ya arobaini! Mila iliyowekwa kumlinda mtoto mchanga inaweza, kwa mtoto wa namna hii, kumzuia asifikie tiba yake.

Basi wajibu upo, nao haupunguzwi na umaskini wala bamvu. Macho hayangoji. Lakini wajibu ni jambo moja na lawama ni jambo jingine. Lawama hupimwa kwa nguvu alizokuwa nazo mtu na kwa yale aliyoelezwa. Anayeweza kwenda akakaa, huyo alaumiwe. Asiyeweza peke yake hatumlaumu. Lakini wajibu wake haufi kwa sababu hiyo. Huhamia kwa walio karibu naye. Wazee wetu walikwisha kusema: mkono mmoja haulei mwana.

Wengine watasema kwamba kazi hiyo ni ya Serikali. Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu Zanzibar yalitangazwa kuwa bila malipo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hata tiba isiyolipiwa ina nauli yake, na ina siku ya kazi inayopotea.

Tutazame mfano wa Msamaria. Wengi wetu hukumbuka mafuta na divai, na majeraha yaliyofungwa. Tunasahau kwamba alimfikisha mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akalipa, kisha akaahidi kupita tena kutazama gharama zilizozidi. Wema wake ulikuwa na tarehe ya kurudi. Wala hakuuliza dini ya yule mtu.

Hapa kwetu tunao ushuhuda mwingine. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu letu limesimama mahali pale. Kufunga soko kulikuwa kazi ya siku moja. Lakini watoto waliookolewa majahazini walihitaji kulishwa, kufundishwa na kulelewa kwa miaka mingi, na ndiyo maana kukawa na Kiungani na Mbweni. Bibi Caroline Thackeray alifundisha wasichana Mbweni kwa zaidi ya miaka 20. Kuokoa bila kulea ni kazi nusu.

Hata madaktari wameliona hilo. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba njia hiyo ikianzwa mara tu baada ya kuzaliwa, huokoa maisha ya wengi. Lakini tangu mwanzo njia ile ilikuwa na sehemu ya pili: mama akienda nyumbani mapema, sharti arudi mara kwa mara mtoto atazamwe. Kifua tumekikumbuka, kurudi tunakusahau.

Siku ile nilimpa mama yule nauli, nikarudi nyumbani nimeridhika. Usiku nikajiuliza: na mara ijayo? Nilikuwa nimefanya lile lile ninalolilaumu. Nilikuwa nimesaidia siku moja nikaondoka. Basi kliniki iliyofuata nilimtafuta, nikamwomba kadi yake, nikaziandika tarehe zake kwenye kalenda yangu kando ya zile za mjukuu wangu. Ikiangukia bamvu, tunamwomba muuguzi mapema aisogeze. Naye, nimekuja kuona, ni mtu mwema aliyechoka.

Katika mtaa wetu wapo wazazi wenye kadi kama hizo, na majirani zetu wasiosali nasi wanazo vilevile. Tusiwaulize kwanza kwa nini hawakwenda. Tuwaulize tarehe yao ni lini, na nani atakwenda nao.

Mungu atusaidie kumaliza tunayoyaanza.