Giaboksi Haipigi Kelele

Wanangu, pikapu za dizeli mnazoniletea siku hizi nizitazame kabla hamjafunga tela, karibu zote nakuta zina pedeli mbili tu chini ya usukani. Enzi zetu otomatiki ilikuwa gari ya wakubwa wa maofisini. Pikapu ya kazi ilikuwa na klachi, na dereva aliyevuta mzigo alijua kwa unyayo wake wa kushoto klachi inapoanza kuteleza. Ninyi unyayo huo umepumzishwa. Siwakatazi. Otomatiki za sasa ni vyombo vizuri, na katika foleni ya Kimara hakuna anayetaka kurudi kwenye klachi. Ninachotaka mjue ni kwamba habari ile iliyokuwa inapita unyayoni haiwafikii tena, mpaka muitafute wenyewe.

Mshale wa joto mnaouona kwenye deshibodi unapima maji ya injini. Haupimi mafuta ya giaboksi. Injini ikichemsha utaona mshale unapanda, utaona mvuke, utasimama. Giaboksi inaweza kuiva kabisa huku mshale umetulia katikati na redio inaimba.

Mimi nilijifunzia kwenye mlima wa Kitonga. Nilikuwa na pikapu ya tajiri wangu, dizeli, otomatiki, nyuma tela lililochomelewa mtaani, chuma kitupu, halina breki. Juu yake kulikuwa na mashine ya kusaga pamoja na injini yake, na mifuko ya saruji tuliyoongeza Morogoro kwa sababu tu tuliona nafasi imebaki. Tulifika Ruaha Mbuyuni saa saba mchana. Wanaoijua njia ya Iringa wanalijua joto la pale wakati wa kiangazi: mibuyu imesimama bila jani, lami inameremeta, wauza vitunguu wamejibanza vivulini. Utingo wangu aliniomba tusimame tule. Nikamwambia tutakula Ilula, huko juu penye baridi.

Kuanza kupanda tu, tukakuta malori yamefuatana, yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nikaacha gia kwenye D. Nakanyaga mafuta kidogo, naachia, nakanyaga tena. Penye mwinuko mkali nililizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta tu, bila breki. Injini haikulalamika hata mara moja. Dizeli ina nguvu ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na nguvu hiyo ndiyo inayotudanganya. Hatujafika nusu ya mlima, nikasikia injini inapandisha sauti na gari haliongezi mwendo. Halafu harufu, kama karai la mafuta ya maandazi lililosahauliwa jikoni. Nikatazama kwenye kioo nikaona moshi. Mafuta ya giaboksi yalikuwa yamefura kwa joto, yakatokea kwenye tundu lake la kupumulia na kudondokea bomba la moshi. Tungeweza kuungua pale pale. Tulikaa hadi usiku, matairi yamezuiwa kwa mawe, malori yakipita ubavuni mwetu kwa shida. Giaboksi ilipofunguliwa, sahani za klachi zilizomo ndani zilikuwa nyeusi kama mkaa. Injini haikuwa na kosa lolote.

Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna kitu kinaitwa toki konveta, mfano wa chungu cha chuma kilichojaa mafuta. Upande mmoja una mapanga yanayozungushwa na injini, upande wa pili una mapanga yanayozungusha giaboksi, na nguvu huvuka kwa mafuta yanayorushwa kutoka huku kwenda kule. Mwendo ukikolea na mzigo ukiwa wa wastani, pande hizo mbili huzunguka karibu sawa, na kufuli ya ndani hujifunga zikawa kitu kimoja. Hapo joto ni dogo. Mzigo ukiwa mzito na mwendo ukiwa wa kutambaa, kufuli hufunguka. Injini inakimbia, upande wa pili unaburuzwa nyuma yake. Ile tofauti yote haipotei. Inageuka joto ndani ya mafuta. Mnaosugua viganja asubuhi ya Makambako mnajua joto la namna hiyo linatoka wapi.

Mafuta hayo yanafanya kazi vizuri yakiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Mafundi wana kipimo chao cha kukadiria: kila nyuzi 10 au 11 zikiongezeka juu ya 80, umri wa mafuta unapungua kwa nusu. Yakifika kama 115 huanza kuacha utando unaonata kwenye vali ndogo ndogo. Yakizidi 125 sili za mpira huanza kukakamaa. Yakikaribia 150 sahani zinateleza, na baada ya hapo zinaungua. Magari mengi yana taa ya onyo la joto la gia, lakini nisikilizeni vizuri, taa hiyo huchelewa. Ikiwaka, mafuta yenu yameshakwisha kazi. Nunueni kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, namba zikatokea kwenye simu. Hakikisheni kinasoma joto la giaboksi ya gari lenu, maana vingine husoma la injini peke yake. Mimi nikiona 105 nalegeza mguu. Nikiona 115 natafuta pa kusimama.

Mlimani msiliachie gari liwachagulie gia. Hamisheni mkono wa gia kwenye upande wa kuchagua wenyewe, mshushe hadi ya tatu au ya pili kabla mwinuko haujaanza, injini izunguke kati ya mara 2,000 na 3,000 kwa dakika. Najua wengi wenu mnaiogopa sauti hiyo, mnaona mnaitesa injini na kumwaga dizeli bure. Sivyo. Katika mzunguko huo pampu inasukuma mafuta mengi zaidi, feni inavuta hewa zaidi, na kufuli ya konveta inapata nafasi ya kujifunga na kubaki imefungwa. Kinachoua ni kung'ang'ania gia ya juu kwa kujivunia nguvu, giaboksi ikipanda na kushuka gia kila baada ya nukta chache. Gia hiyo hiyo ya chini ndiyo ya kushukia pia. Anayeshuka Kitonga na tela kwa nyutro ili aokoe mafuta, huyo simshauri kitu, namwombea.

Mkikuta malori yamefuatana, msiyagande. Simameni kabisa, kwa breki, muache nafasi ifunguke mbele, kisha mpande kwa mwendo mmoja. Wa nyuma atapiga honi. Mwacheni apige. Na msilishikilie gari mlimani kwa mafuta kama nilivyofanya mimi, hata kwa dakika moja, kwa sababu wakati huo konveta inasaga mafuta na hakuna hewa inayopita mbele ya gari.

Mkisimama ili lipoe, msizime injini. Karibu kila dereva niliyemwona anakosea hapa. Ukizima, pampu imesimama, feni imesimama, na joto lote umelifungia ndani. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi ya gari na ya tela, peleka gia kwenye N, pandisha mzunguko hadi kama 1,200, usubiri dakika kumi huku ukitazama namba zinashuka. Na mawe hayo, nawaomba kwa jina la Mungu, myaondoe barabarani mkiondoka. Kuna mtoto wa watu anakuja usiku na pikipiki.

Kurudisha tela nyuma kuelekea juu ni kazi ya dakika tano inayoweza kupandisha joto kuliko kilomita hamsini za tambarare. Kama ni kwenye vumbi au mchanga na mnakwenda moja kwa moja, tumieni ile gia nzito ya magurudumu manne. Kwenye lami kavu msiitumie, hasa mkiwa mnakata kona, mtavunja kingine.

Sasa tazameni mbele ya gari. Katika pikapu nyingi mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta, kwenye kibomba kilichozungukwa na maji ya injini. Maana yake injini ikiwa na joto, giaboksi haina pa kukimbilia. Anayevuta mizigo kila wiki aongeze kipozeo cha pili cha hewa, mbele ya rejeta, na fundi apange njia hivi: mafuta yatoke kwenye giaboksi, yapite rejeta kwanza, kisha kipozeo cha hewa, ndipo yarudi nyumbani. Wapo wanaogeuza, na gari linayapasha moto tena mafuta yaliyokwisha kupozwa. Kipozeo chenyewe kiwe safi. Ukipita Mikumi wakati wa nyasi ndefu unatoka na mbegu na wadudu wamejaa kwenye mapezi yote. Oshea kwa maji ya taratibu, ukisukuma kutoka upande wa injini kwenda mbele, usitumie mashine yenye nguvu ikakunja mapezi.

Na rejeta ikizeeka, kile kibomba cha ndani kinaweza kutoboka, maji yakaingia kwenye mafuta ya gia. Mkifungua mkaona mafuta yamegeuka kama maziwa yaliyotiwa sharubati ya waridi, msiwashe gari tena, hata kulisogeza kivulini. Wala msilivute kwa kamba magurudumu yake yakizunguka chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, na giaboksi inazunguka kavu. Tafuteni gari la kubeba.

Mtaambiwa kuna mafuta ya gia yasiyobadilishwa maisha yote. Huenda, kwa anayekwenda sokoni na kurudi. Kwa gari linalovuta tela, mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, na mapema zaidi nikiona yameacha wekundu wake na kuwa kahawia yenye harufu ya kuungua. Magari mengi mapya hayana kijiti cha kupimia. Kipimo kiko kwenye plagi ya chini, na hupimwa mafuta yakiwa kwenye joto maalumu lililoandikwa na watengenezaji. Fundi anayepima kwa kukisia mshukuruni, mwende kwa mwingine.

Mwisho, mzigo. Pikapu nyingi kubwa za dizeli zimeandikiwa kuvuta kilo 3,500, na vijana huikariri namba hiyo kama sala. Hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, kama lile langu, kiwango chake kwa kawaida ni kilo 750. Tangi la lita 2,000 likijaa maji ni tani mbili kabla hujahesabu chuma kilicholibeba. Pitisheni tela kwenye mizani mara moja tu, mjue uzito wake likiwa tupu, mtashangaa.

Basi mkifika Ruaha Mbuyuni, simameni. Mmoja abaki na gari dakika kumi za kwanza, injini ikizunguka, mpaka namba irudi chini ya 90. Kisha zimeni, mle, mnunue vitunguu vya wenyeji wenu, jua lipungue kidogo ndipo mpande. Utingo wangu aliomba kula pale saa saba mchana. Alikula kesho yake asubuhi.